Simu imekufa, bakapu ipo kwenye laptopu, neno la siri linakataa. Msaada wakuu

#1 Mwana_wa_Muheza

Wakuu habari za jioni. Mwenye uelewa anisaidie, mwenye kejeli apite tu, leo sina nguvu za kujibizana.

Mwaka 2021 nilikuwa na iPhone XR. Ile GB 5 ya bure ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ilishajaa siku nyingi, nikawa nahifadhi bakapu (nakala ya vitu vya simu) kwenye laptopu kwa iTunes, programu ya Apple. Pale kuna kiboksi cha kufunga bakapu kwa neno la siri. Nikaweka tiki, kwa sababu niliambiwa usipofunga, maneno ya siri uliyohifadhi kwenye simu na taarifa za afya havibebwi. Nikaandika neno la siri, nikarudia mara ya pili kama inavyotaka, basi, habari ikaishia hapo.

Desemba 2022 simu ikaniponyoka kwenye pantoni la Kigamboni, ikatua kwenye maji ya chumvi yaliyotuama chini. Fundi akasema bodi imeliwa, nikamwachia achukue spea. Wala sikuumia, nilijua bakapu ninayo.

Sasa nimepata iPhone 13 ya mkononi. Nimechomeka, iTunes inaiona bakapu yangu ya Machi 2022, inaniambia andika neno la siri. Naandika, inakataa. Naandika tena polepole herufi kwa herufi, inakataa.

Ninachokitafuta si picha. Idi ya 2021 nilimrekodi marehemu babu kibarazani kwake, akitaja mipaka ya shamba tangu lilivyofyekwa. Dakika zaidi ya arobaini. Mzee katutoka 2023, na Jumamosi ya wiki ijayo kuna kikao cha ukoo. Ami anasema mpaka wetu unaishia kwenye mfenesi. Mimi nina uhakika mzee alisema unashuka hadi kijitoni.

Na neno la siri nalijua. Enzi hizo nilikuwa natumia hilohilo kila mahali. Fundi mmoja mjini kala elfu themanini yangu, kakaa na laptopu siku tatu, kanirudishia na kusema "hii imegoma, kanunue programu mtandaoni".

Nawasilisha.

#2 Kiberiti_Ngoma

Uzi bila picha ya shamba haujakamilika.

#3 Mwana_wa_Muheza

Nilijua tu hutakosekana.

#4 Chalii_wa_Makambako

Rahisi sana mkuu. Ingia Settings, General, shuka chini kabisa kwenye Transfer or Reset iPhone, bonyeza Reset, kisha Reset All Settings. Neno la siri la bakapu linafutika. Mimi nilifanya mwaka jana, dakika mbili tu. Mnapenda kukuza mambo.

#5 FundiBodi

Chalii, ulichosema ni kweli ila umempa mgonjwa dawa ya mwingine. Ngoja nieleze maana wengi wanakosea hapa.

Neno la siri la bakapu halikai kwenye kompyuta, linakaa ndani ya simu. Kompyuta inapoomba bakapu, simu yenyewe ndiyo inayosimba data na kuitoa ikiwa imeshafungwa. Ndiyo maana ukichukua simu hiyohiyo ukaichomeka kwenye kompyuta ya jirani, ile tiki unaikuta ipo, na ukitaka kuitoa unaulizwa neno lilelile. Watu wanaapa hawajawahi kuweka neno la siri, kumbe waliliweka kwenye simu ya miaka mitano nyuma, wakahamishia bakapu kwenye simu mpya, nalo likahamia humo. Wengine simu ni ya kazini, ofisi ndiyo imelazimisha bakapu ifungwe.

Sasa kama simu ipo hai mkononi mwako, hiyo njia ya Chalii ni halali kabisa, ipo tangu iOS 11 (mfumo wa iPhone) ya 2017. Unaingiza namba ya siri ya kufungulia simu, inafuta mipangilio, nywila za Wi-Fi, picha ya kioo na mpangilio wa programu. Picha zako na meseji zako haziguswi. Ila macho yawe wazi: mstari ulio chini ya Reset ni Erase All Content and Settings, na huo haukuachii kitu.

Baada ya hapo unatengeneza bakapu MPYA kwa neno la siri jipya. Zile za zamani zinabaki zimefungwa kama zilivyokuwa. Simu ya jamaa yetu imeshakuwa spea za watu. Akifanya reset kwenye hiyo 13 atapoteza picha ya kioo bure tu.

Mwana wa Muheza, hiyo bodi haiwezi kupatikana? Ingewaka hata nusu saa ningekuambia tuhangaike nayo, maana rekodi yenyewe ilikuwa humo.

#6 Mwana_wa_Muheza

Fundi mwenyewe keshahama fremu, kwenye ile fremu sasa wanauza mabegi. Hilo tulizike.

Ina maana hakuna programu kabisa? Mtandaoni naona matangazo, "fungua bakapu yako kwa kubofya mara moja", dola kadhaa tu.

#7 Hesabu_Haidanganyi

Zipo, na baadhi hazina utapeli, ila zote zinafanya kitu kimoja: kubahatisha. Hata ya bure ipo, hashcat, ina hali maalumu ya bakapu za iTunes, namba 14800. Inatumia taarifa zinazotolewa kwenye faili la Manifest.plist lililo ndani ya folda ya bakapu, inajaribu neno moja baada ya jingine. Zile za kulipia zimepakwa rangi tu.

Tatizo ni kasi. Septemba 2016, iOS 10 ilipotoka, watu wa Elcomsoft, kampuni ya programu za kufungua nywila, waligundua Apple wameweka njia mpya ya kuhakiki neno la siri ambayo ilikuwa nyepesi mno, kubahatisha kukawa kwa haraka mara 2,500 hivi kuliko toleo la nyuma. Apple walishtuka. Walipofika iOS 10.2, Desemba mwaka huohuo, wakaja na kinu kingine: kila neno unalojaribu lazima kwanza lisagwe mizunguko milioni 10 ndipo ujue kama ndilo au silo. Wewe ukiandika neno sahihi unasubiri kidogo tu, huumii. Anayebahatisha anailipia hiyo milioni 10 kwa kila bahati.

Tuseme laptopu yako inachukua sekunde 5 kwa neno. Kama uliweka tarakimu nne, ziko 10,000, zinaisha ndani ya saa 14. Unalala, unaamka, imepatikana. Tarakimu sita ni milioni moja, hapo ni siku 58, unalipa umeme ila inawezekana. Herufi nane ndogo tupu, bila namba wala alama: bilioni 208. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 33,000. Chukua mashine yenye kadi ya michoro, iwe na kasi mara mia, bado ni miaka 330.

Kwa hiyo anayekuambia "kubofya mara moja" muulize anabofya nini.

Kinachopunguza kazi ni wewe mwenyewe. Ukisema "lilikuwa jina fulani, na mwaka, na alama mwishoni", bilioni zinageuka mamia. Mamia yanaisha kabla chai haijapoa.

#8 Bi_Likoni

Pole mwanangu. Mie yangu ilikuwa ya WhatsApp, bakapu iliyofungwa, ile waliyoileta Oktoba 2021. Nikaweka neno la siri, nikasahau, na simu ishaanza kuzimika ovyo. Nikadhani nshaangamia.

Mjukuu akanambia, bibi, madhali WhatsApp bado yafunguka hapa hujapoteza kitu. Tukaingia kwenye mipangilio ya soga, bakapu, tukabonyeza kubadili neno la siri, pana pahali pa kusema umelisahau. Ikataka kidole changu tu. Nikaweka neno jipya, nikachukua bakapu upya, ndipo nikabadili simu.

Lau ningebadili simu kwanza, kwisha. Ile yao haina mchezo, ukikosea mara nyingi wanaifunga moja kwa moja, hata wao hawana funguo. Na wale waliochagua ufunguo wa tarakimu 64 badala ya neno, sijui wameuandika wapi.

#9 Mwana_wa_Muheza

Shikamoo bibi, ahsante. Kumbe na hii ya iTunes nikikosea sana itajifunga? Nimeshajaribu kama mara thelathini.

#10 FundiBodi

Haijifungi. Hiyo ya WhatsApp inahakikiwa kwenye mitambo yao, wao ndio wanaohesabu makosa. Yako ni mafaili kwenye laptopu yako, hakuna wa kukuhesabia. Jaribu hata mara elfu.

Ila kabla hujaendelea, kopi folda nzima uweke kwenye diski ya nje. Kwa Windows iko AppData, Roaming, Apple Computer, MobileSync, Backup. Ya XR jina lake litaanza na 00008020. Usibadilishe jina, usifute kitu ndani.

Humo ndani kuna Info.plist, hiyo haijafungwa, fungua kwa Notepad. Utaona tarehe ya bakapu, toleo la iOS na orodha ya programu ulizokuwa nazo. Ni kwa ajili ya kukusaidia kukumbuka, ulikuwa unatumia nini siku hizo.

#11 Chalii_wa_Makambako

Sawa wataalamu, nimejifunza. Ila mimi nilimjibu kwa nia njema.

#12 Kiberiti_Ngoma

Dakika mbili tu, mnapenda kukuza mambo.

#13 Hesabu_Haidanganyi

Mwana wa Muheza, chukua daftari. Usijaribu kichwani, utarudia yaleyale ukidhani ni mapya. Andika kila unalolijaribu kisha likate. Anza na namba ya kufungulia simu ya wakati ule, nywila ya Apple ID ya wakati ule, nywila ya kuwasha laptopu, ya barua pepe. Kila moja kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa herufi ndogo, na Caps Lock ikiwa imewaka. Wenye Mac wao waingie Keychain Access, programu inayotunza nywila, watafute "iPhone Backup", kama waliruhusu ikumbukwe wataikuta. Windows haina hiyo bahati.

Na tafadhali, usiliandike hilo neno hapa jukwaani. Unasema ulilitumia kila mahali.

#14 Mwana_wa_Muheza

Nimekesha wakuu. Daftari lina mistari 64, yote imekatwa. Nimejaribu jina la mtoto, namba ya usajili ya chuo, hadi jina la mchumba wa zamani, na mke wangu alikuwa amekaa pembeni.

Lakini ukweli narudia: mimi sijasahau. Vidole vyangu vinalijua hilo neno. Ni neno, halafu alama ya @, halafu mwaka. Nilikuwa naliandika mara kumi kwa siku. Naanza kuamini bakapu yenyewe ndiyo imeharibika.

#15 Mzee_wa_Azerty

Salamu kutoka Bujumbura. Nimesoma toka juu, nina swali moja kwa huyu ndugu.

Huku kwetu vibodi vingi ni vya Kifaransa. A iko pale ambapo nyinyi mna Q, na namba huzipati bila kubonyeza Shift. Mashine ikipigwa Windows na mtu wa Nairobi au Dar, anaacha kibodi ya Kimarekani, basi unabonyeza A inatoka Q. Kwenye barua utaona na utasahihisha. Kwenye neno la siri unaona vidoti tu, na ukirudia mara ya pili unarudia kosa lilelile, mashine inasema sawa.

Laptopu yako ndugu, ni ya wapi? Na kwenye kitufe cha 3, juu ya 3 kumechorwa nini?

#16 Mwana_wa_Muheza

Ni ya mtumba, HP, niliinunua Februari 2021. Juu ya 3 kuna alama ya pauni, ile ya hela ya Uingereza.

#17 FundiBodi

Eeeh! Tulia hapohapo usiguse kitu.

#18 Hesabu_Haidanganyi

Mzee wa Bujumbura, nakuvulia kofia.

Sikiliza. Hiyo ni kibodi ya Kiingereza cha Uingereza. Kwenye hiyo @ imechorwa pembeni, karibu na Enter, na juu ya 2 kuna alama za kunukuu. Ya Kimarekani ni kinyume: @ iko juu ya 2, na alama za kunukuu ziko kule karibu na Enter. Mafundi wetu wakipiga Windows wanaacha ya Kimarekani, hawaangalii vitufe vimeandikwaje.

Sasa jibu haya. Februari 2021 ulipoinunua, ukitaka @ ulikuwa unabonyeza wapi? Na hiyo laptopu imepigwa Windows lini mara ya mwisho?

#19 Mwana_wa_Muheza

Daaah.

Wakuu, ni kweli. Wiki za mwanzo nilipokuwa naandika barua pepe @ ilikuwa haitoki, zinatoka zile alama mbili za juu. Nikaja kuambiwa nibonyeze 2, nikazoea. Halafu mwaka jana Windows ilikufa, jamaa wa ofisini akaipiga upya na kuniwekea "UK" ili ifanane na vitufe. Mafaili yangu nilikuwa nimeyahamishia kwenye diski ya nje, nikayarudisha.

Bakapu ya kwanza niliichukua wiki ileile niliyonunua laptopu. Nilikuwa naandika kwa kuangalia vitufe.

#20 FundiBodi

Basi weka alama za kunukuu pale ulipokuwa unaweka @. Zile mbili kwa pamoja, kwa sasa ziko juu ya 2.

#21 Kiberiti_Ngoma

Tumekaa hapa. Chapati zinaungua.

#22 Chalii_wa_Makambako

Dakika kumi na tano sasa. Kazimia huyu.

#23 Bi_Likoni

Mwacheni mtoto apumue.

#24 Mwana_wa_Muheza

IMEKUBALI.

Imekubali wakuu. Nimeandika, nimebonyeza, imekaa kimya kidogo kama inataka kukataa, halafu mstari ukaanza kutembea. Imeandika imebaki saa moja na dakika kumi. Natetemeka, nitarudi.

#25 Hesabu_Haidanganyi

Usichomoe waya. Na umeme ukikatika laptopu iwe na chaji.

Wengine mnaosoma na mna tatizo hilohilo: si @ peke yake. Kwenye kibodi ya Uingereza yenye mpangilio wa Kimarekani, ukibonyeza pauni inatoka #, na kile kitufe cha # karibu na Enter kinatoa mkwaju wa nyuma (\). Kibodi ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana. Fungua Notepad, weka mpangilio wa zamani, andika neno lako la siri kwa kuangalia vitufe, uone kinachotoka. Hicho ndicho simu ilichokisikia.

#26 Mzee_wa_Azerty

Mungu mkubwa. Mimi ilinichukua miezi minne kugundua ya kwangu, na ilikuwa nywila ya barua pepe tu.

#27 Mwana_wa_Muheza

MREJESHO.

Imemaliza saa tano usiku. Simu imewaka ikiwa na ile picha ya kioo ya 2022, hadi kengele yangu ya alfajiri imerudi. Nimeifungua programu ya kurekodi sauti. Ipo. Dakika 43.

Nimeisikiliza yote na mke wangu. Mwanzo kuna jogoo anawika juu ya sauti ya mzee, mzee anakatiza, anasema "mfukuze huyo", nasikika mimi nanyanyuka. Halafu anaanza. Katoka kwenye mwembe wa marehemu, kapita kaburi la mdogo wake, kafuata barabara ya lori la machungwa.

Halafu anasema mpaka unaishia kwenye mfenesi.

Kijito kipo. Anakitaja mbele kidogo, dakika ya thelathini na kitu, lakini hilo ni shamba la chini, la upande wa bibi. Nilichanganya mimi. Miaka yote hii nimekuwa nikibishana na ami kwa uhakika wa kitu nilichokisikia mwenyewe.

#28 FundiBodi

Duh. Sasa utaipeleka kikaoni?

#29 Mwana_wa_Muheza

Nimempigia ami asubuhi hii, nikamwamkia, nikamwambia rekodi imepatikana na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Kanyamaza muda mrefu. Nikajua atanisema. Kaniuliza, "Kwani na jogoo anasikika?" Nikamwambia anasikika. Kasema nimtumie sasa hivi, mambo ya mfenesi tutayaongea Jumamosi.

Nimetengeneza bakapu mpya, na neno la siri halina alama yoyote. Limeandikwa kwenye karatasi, karatasi iko kwenye bahasha ya hati ya nyumba, mke anajua. Mzee wa Bujumbura, ukishuka Dar nitafute.

#30 Kiberiti_Ngoma

Basi lete picha ya mfenesi.